Regulata mbili kwenye laini moja: lineari ikeshe, swichingi ibebe mzigo

Mafahali wawili hawakai zizi moja, na regulata mbili, yaani vidude vya kushikilia volti isipande wala kushuka, zenye volti sawa hazikai laini moja ya umeme. Ziunganishe sambamba, moja imekaa 5.02 na nyingine 4.98, uone kama zitagawana mzigo nusu kwa nusu. Hazigawani. Ile ya 5.02 itabeba kila kitu mpaka izidiwe, na ile ya 4.98 itaona laini tayari iko juu ya kipimo chake, ifunge mlango, ikae. Mafundi wengi wakishaliona hilo wanasema sambamba haifai, wanaachana nayo.

Mimi tabia hiyo hiyo ndiyo ninayoitafuta. Ukishusha mmoja makusudi, tena kwa tofauti ya kutosha, huna tena mafahali wawili. Una mchukuzi, ambaye ni regulata ya swichingi, na mlinzi wa usiku, ambaye ni ya lineari. Mchukuzi akiwepo, mlinzi anapumzika bila kuambiwa. Mchukuzi akiondoka, volti inashuka kidogo, mlinzi anaishika. Hakuna swichi ya kuwabadilisha, hakuna programu ya kuwaamulia. Nitaeleza nilivyoijenga saketi hiyo kwa kazi moja halisi, pamoja na mahali ilipovuja, maana kwenye kuvuja ndipo nilipotumia siku nyingi kuliko kwenye kujenga.

Kazi yenyewe

Meza yangu ya ufundi iko Korogwe. Juu huko milimani, upande wa Lushoto, kuna kijiji kina maji ya mserereko: chanzo kiko msituni, bomba linashuka mpaka kwenye tenki, tenki linagawa vituoni. Mzee anayelitunza tenki alikuwa anapanda kila asubuhi kulichungulia, na miguu yake si ya kupanda kila asubuhi. Kamati ya maji ikaniomba kifaa cha kumtumia ujumbe wa simu kila baada ya saa 2, kumwambia maji yamefika boya gani kati ya maboya 3.

Vitu ni vya kawaida: mikrokontrola ATmega328P (kompyuta ndogo ya chipu moja), modemu ndogo ya SIM800L ya kutuma ujumbe kwa mtandao wa simu, swichi 3 za boya, betri ya asidi ya volti 12 yenye Ah (ampea-saa) 1.3 kama zile za kengele za wezi, na paneli ya wati 5. Betri na paneli ni vidogo makusudi, kwa sababu paneli kubwa juu ya kilima inaonekana mbali na inaibiwa. Tuliificha upande wa nyuma wa mfuniko, nusu kivulini mwa miti. Na Usambara ina ukungu. Kuna siku jua halionekani kabisa, na siku hizo huja zikifuatana.

Kifaa cha kwanza kilikuwa na swichingi peke yake, moduli ya LM2596 inayouzwa kila duka la vipuri. Kilifanya kazi vizuri wakati wa kiangazi. Ukungu ulipokuja, siku ya 4 simu ikaita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Tenki limenyamaza."

Nikapanda na betri nyingine. Baada ya wiki limenyamaza tena. Mara ya pili nilipanda na mita, nikakaa juu ya mfuniko wa tenki nikipima mkondo. Modemu imezimwa, mikrokontrola imelala, hakuna kinachofanya kazi hata kimoja, na bado betri inatoa miliampea 8.

Piga hesabu. Miliampea 8 kwa saa 24 ni mAh (miliampea-saa) 192 kwa siku. Modemu, ambayo mimi ndiyo niliyokuwa ninailaumu, inaamka mara 12 kwa siku, kila mara kama sekunde 40, ikivuta wastani wa miliampea 60 upande wa betri. Jumla yake haizidi mAh 8 kwa siku. Kwa hiyo kazi ilikuwa inakula 8 na usingizi unakula 192. Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu kama unataka idumu, na nusu ya Ah 1.3 ni mAh 650. Hizo ni siku 3 na ushee. Ukungu wa siku 4 unatosha kuiua.

Kwa nini swichingi inakula ikiwa imekaa bure

Regulata ya lineari, jamii ya ile 7805 tunayoifahamu wote, inapunguza volti kwa kuchoma ziada iwe joto. Volti inayoingia toa inayotoka, zidisha kwa mkondo, hizo ndizo wati zinazopotea. Mzigo wa robo ampea kutoka volti 12.6 kwenda 4.1 unapoteza wati 2 na zaidi, na modemu ya GSM inavuta mpaka ampea 2 katika vipande vyake vya kurusha. Vipande ni vifupi, mikrosekunde 577 kila milisekunde 4.6, lakini umeme wake lazima utoke mahali. Lineari kwa kazi hiyo ni jiko, tena ukiwa na betri ndogo ni jiko la kuni za kununua.

Swichingi inakata umeme vipande vipande, LM2596 mara 150,000 kwa sekunde, kisha koili na kapasita vinaulainisha. Upotevu wake kwenye mzigo mkubwa ni mdogo. Ila ubongo wake wenyewe unakula karibu miliampea 5 wakati wote, iwe umeunga modemu au hujaunga kitu. Mzigo ukiwa ampea moja, 5 hizo huzioni. Mzigo ukiwa mikroampea 10, 5 hizo ndizo mzigo.

Kuna ulaji wa pili ambao haumo kwenye jedwali la chipu. Moduli hizi zina resista ya kupimia volti kutoka kwenye pini ya 4 kwenda chini, yaani upande wa hasi, na kwenye zile nilizonazo mimi ni omu 330. Chipu inashikilia volti 1.23 juu ya resista hiyo, kwa hiyo miliampea 3.7 zinapita hapo bila kukoma. Kumbuka namba hiyo, tutakutana nayo tena.

Mlinzi awe nani

Hapa usichukue lineari yoyote iliyo karibu na mkono. 7805 yenyewe inakula kama miliampea 5, kwa hiyo hujaokoa kitu. AMS1117 ni vivyo hivyo, tena haipendi volti za betri inayochajiwa. LM317 inataka mzigo wa chini wa miliampea kadhaa, na usipoipa volti yake inapanda yenyewe. Hizi zote ni regulata nzuri kwa kazi nyingine, ila haziwezi kukesha kwa kula kidogo.

Nilitumia HT7533-1. Inatoa volti 3.3, inabeba mpaka miliampea 100, inavumilia volti 24 upande wa kuingilia, na inakula mikroampea 2.5 tu. Ni kidude cha miguu 3 chenye umbo la transista ndogo. Nilikiagiza Kariakoo kikaja na basi. Kikikosekana, tafuta chochote chenye mkondo wa kujiendesha chini ya mikroampea 10 na kinachovumilia angalau volti 16, maana betri ya 12 ikijaa inafika 14 na zaidi.

Kupanga volti

Hili ndilo jambo la kulifikiria kabla ya kushika pasi ya kulehemu. Niliamua hivi:

Swichingi inatoa volti 4.1. Modemu ya SIM800L inakubali kati ya 3.4 na 4.4, kwa hiyo 4.1 ni pazuri, ina nafasi ya kuyumba juu na chini. Modemu inaungwa moja kwa moja kwenye pato la swichingi.

Kutoka pato hilo hilo, diodi ya BAT85 inapeleka umeme kwa mikrokontrola. Diodi inakula kama volti 0.3, inabaki 3.8.

HT7533-1 inaungwa upande wa pili wa diodi, kwenye laini ya mikrokontrola, ikitoa 3.3.

Basi laini ya mikrokontrola ina vyanzo viwili. Swichingi ikiwaka, laini ni 3.8, lineari inaona iko juu ya 3.3 yake na inajifunga. Swichingi ikizimwa, laini inateremka mpaka 3.3 na lineari inaipokea hapo. Tofauti ni volti 0.5. Usiifanye ndogo. Lineari inaweza kuwa 3.2 au 3.4 ikitoka kiwandani, swichingi inabadilika na joto, diodi inabadilika na mkondo, na ukiacha tofauti ya 0.1 utajikuta siku moja lineari inambebea mchukuzi mzigo wake mchana kutwa bila wewe kujua.

Mikrokontrola haina shida na 3.3 wala 3.8. Nimetumia ATmega yenyewe, si bodi nzima, inaendeshwa na saa yake ya ndani ya megahezi 8, na kwa kasi hiyo hata volti 2.7 zinaitosha. Kuna faida nyingine: modemu inazungumza kwa volti 2.8, na mikrokontrola ya volti 5 ingehitaji angalau 3 ili kusadiki kwamba pini iko juu. Kwa 3.8 inasadiki kuanzia 2.3. Upande wa kwenda kwa modemu weka resista ya kiloomu 10 mfululizo na nyingine ya kiloomu 20 kwenda chini, ili 3.8 ifike ikiwa 2.5.

Kwa nini diodi

Mara ya kwanza sikuiweka. Nilifikiri hivi: swichingi imezimwa, koili yake ni waya tu, transista yake imefunga, umeme utapita wapi? Nikaunga pato kwa pato, nikaizima swichingi, nikapima. Miliampea 3. Nikabadilisha moduli, miliampea 3 tena.

Ni ile resista ya omu 330. Potenshometa, yaani resista ya kuzungusha inayopanga volti ya moduli, na resista hiyo kwa pamoja zilikuwa kama omu 1,100, na hazijui kama chipu imelala. Volti 3.3 gawanya kwa 1,100 ni miliampea 3 kamili. Mlinzi wangu wa mikroampea 2.5 alikuwa anamlisha mchukuzi aliyelala, mara elfu ya chakula chake mwenyewe. Diodi inakata njia hiyo. Umeme unatoka kwa swichingi kwenda kwenye laini, haurudi.

Tena inakulinda na jambo lingine. Kuna swichingi zenye transista mbili ndani, moja ya juu na moja ya chini badala ya diodi ya nguvu. Baadhi yake zikikuta pato tayari lina volti, zinaweza kuivuta ile volti kurudi chini. LM2596 haimo katika kundi hilo, lakini ukiwa na diodi hulazimiki kujua moduli yako ni ya aina gani.

Aina ya diodi ina maana kubwa hapa. 1N5819 inapatikana kila mahali na inakula volti kidogo, ila inavuja kinyumenyume, na kuvuja kwake kunaongezeka sana joto likipanda. Asubuhi mezani nilipima mikroampea chache. Nikaisogeza pasi karibu yake, bila kuigusa, namba ikapanda mpaka ikapita makumi. Sanduku lako likikaa juani, hiyo ndiyo hali yake ya kila siku. BAT85 inavuja kidogo kuliko hiyo, na kwa mikrokontrola inayovuta miliampea 4 au 5 ukubwa wake unatosha. Modemu haipiti humo, kumbuka, iko upande wa swichingi.

Kujenga

Anza na moduli ya swichingi ikiwa peke yake mezani. Unga betri, unga resista ya omu 100 kwenye pato iwe mzigo, zungusha potenshometa mpaka mita isome 4.1. Potenshometa hizi zina mizunguko mingi, usikate tamaa ukiona namba haisogei mwanzoni. Usiunge modemu kabla ya hapo. Moduli hutoka dukani potenshometa ikiwa popote, na modemu yangu ya kwanza ilikufa kwa volti 9 kwa sababu nilitaka kuona taa yake kwanza.

Kisha inua pini ya 5. Shika chipu maandishi yakiwa yanakutazama na miguu ikiwa chini, hesabu kutoka kushoto: 1 ni kuingia, 2 kutoka, 3 chini, 4 kipimo, 5 kuwasha na kuzima. Kwenye moduli nyingi pini ya 5 imelehemiwa chini moja kwa moja. Ipashe moto, ingiza ncha ya sindano chini yake, inyanyue taratibu ikiwa bado moto. Ukilazimisha ikiwa baridi inakatika mizizini, na chipu ndiyo hiyo imekwisha.

Pini hii ina tabia ya kuikumbuka: ikiwa chini, swichingi inawaka. Ikiwa inaelea bila kuungwa popote, inawaka vilevile. Inazima pale tu unapoipandisha juu ya volti 2. Kwa hiyo ukiiacha inaelea ukidhani umeizima, hujaizima. Unga resista ya kiloomu 100 kutoka pini ya 5 kwenda kwenye laini ya mikrokontrola, hiyo inaishikilia juu wakati wote. Halafu transista ya NPN, BC547 au 2N2222 uliyo nayo, kolekta kwenye pini ya 5, emita chini, besi kwa mikrokontrola kupitia kiloomu 10, na kiloomu 100 kutoka besi kwenda chini. Mikrokontrola ikipandisha pini yake, transista inaivuta pini ya 5 chini, swichingi inaamka. Mikrokontrola ikiwa imekufa, imelala au ndiyo kwanza inawashwa, swichingi imezimwa. Kila mashaka yaishie upande wa kuzima.

Swichingi ikizimwa hivi inakula kama mikroampea 80. Ukitaka kuziondoa hata hizo, kata umeme wake wa kuingilia kwa transista ya MOSFET ya aina ya P. Sikuona haja, 80 nilizikubali.

Lineari ni rahisi. Mguu wa kuingia kwenye chanya ya betri ukiwa na kapasita ya mikrofaradi 10 jirani, mguu wa chini chini, mguu wa kutoka kwenye laini ya mikrokontrola. Weka pia diodi kutoka mguu wa kutoka kwenda mguu wa kuingia, mshale ukielekea betri, ili ukichomoa betri ghafla kapasita ya laini isisukume umeme kinyumenyume ndani ya lineari. Diodi hiyo iwe 1N4148. Usiweke Schottky pale, yaani jamii ya BAT85 na 1N5819. Volti 9 zinakaa juu yake kinyume usiku na mchana, ikivuja mikroampea 30 kuja kwenye laini ambayo mzigo wake wote ni mikroampea 10, laini itapanda yenyewe, na lineari haina uwezo wa kuivuta chini. Lineari inajua kusukuma tu.

Upande wa modemu weka kapasita ya mikrofaradi 1,000 karibu kabisa na miguu yake, na waya mnene mfupi. Ukiona modemu inajizima kila inapotafuta mtandao, usiilaumu regulata kabla hujapima waya.

Na chaji. Kontrola ndogo za sola nilizopima zilikuwa na ulaji wao wa miliampea kadhaa kutoka kwenye betri, usiku na mchana, na hapo juhudi zote hizi zinamwagika. Nilitumia LM317 kati ya paneli na betri, ikifuatiwa na 1N4007, nikaipanga mpaka baada ya diodi nisome 13.6. Resista zake zinalishwa na paneli, diodi inazizuia zisile betri usiku. Iwekee kipande cha bati la kupozea.

Mpangilio wa kuamka na kulala

Mikrokontrola inalala kwa saa yake ya ulinzi, ambayo urefu wake wa juu ni sekunde 8. Inaamka, inaongeza hesabu, inalala. Ikifika 900 saa 2 zimetimia. Inawasha resista za ndani zinazovuta juu pini za maboya, inasoma, inazizima hapo hapo. Ukiziacha zimewashwa na boya limefunga, kila boya linakula karibu mikroampea 100.

Halafu inapandisha pini ya swichingi, inasubiri milisekunde 100, inaizungumzisha modemu, inatuma, inaiamuru modemu izime kwa amri ya AT+CPOWD=1, inasubiri jibu, ndipo inazima swichingi.

Hapo kwenye kuzima palinisumbua. Kifaa cha majaribio kilikuwa kinatuma ujumbe mmoja vizuri, kisha kinaanza upya kana kwamba betri imechomolewa na kurudishwa. Kila baada ya saa 2, bila kukosa. Mezani kwa mita hakuna kinachoonekana, 3.8 inashuka 3.3, safi. Nikaazima osiloskopu ya rafiki, kifaa kinachochora volti inavyobadilika. Nilipotazama, laini haikuwa inashuka mpaka 3.3 na kusimama. Ilikuwa inapita 3.3, inazama mpaka chini ya 2, ndipo inapanda tena.

Sababu ni ule uzuri wenyewe wa mlinzi. Lineari inayoishi kwa mikroampea 2.5 haina nguvu ya kufanya jambo lolote haraka. Swichingi ikiwa inabeba, transista ya ndani ya lineari imefungwa kabisa, na kuifungua tena kunachukua muda. Wakati huo mikrokontrola iko macho, inavuta miliampea 4, na mimi nilikuwa nimeweka kapasita ya mikrofaradi 1 tu kwenye laini. Ilikwisha kabla mlinzi hajashika rungu lake.

Dawa ni mbili, na nilizitumia zote. Kwanza kapasita ya laini iwe mikrofaradi 100. Kwa miliampea 4, kushuka volti 0.5 kunachukua zaidi ya milisekunde 12, na lineari imeshaamka. Pili, mikrokontrola izime swichingi na ilale papo hapo, amri mbili zikifuatana bila kitu katikati. Ikilala, mzigo unakuwa mikroampea tu, laini inateremka kwa sekunde nzima nzima, na makabidhiano yanakuwa ya upole kiasi kwamba kwenye osiloskopu ni mteremko mrefu usio na shimo.

Kupima uvujaji

Usipime kwa kuunga mita kwenye kipimo cha mikroampea moja kwa moja. Kifaa kikiamka mita inakata fyuzi, au resista ya ndani ya mita inaizimisha modemu na wewe unaanza kutafuta tatizo ambalo halipo. Weka resista ya kiloomu 1 kwenye waya hasi wa betri, na jampa, yaani kiungo cha kuchomeka na kuchomoa, inayoiziba. Wakati wa kazi jampa imefungwa. Kifaa kikishalala, fungua jampa, pima volti juu ya resista kwa kipimo cha milivolti. Kila milivolti 1 ni mikroampea 1. Kabla ya kuamka, ifunge. Na kapasita ya mikrofaradi 470 kwenye chanya ya saketi itabeba zile amka-lala fupi za kila sekunde 8.

Nilipopima mara ya kwanza kwa njia hii nilitegemea 100 na kitu. Nikapata 370. Nikachomoa kimoja kimoja. Lineari nzima, diodi nzima, swichingi imezimwa kweli, pini ya 5 ina volti 3. Nilipochomoa waya wa TX, yaani wa kutuma data, kutoka mikrokontrola kwenda kwa modemu, namba ikaanguka mpaka 110.

Pini ya TX ikiwa haisemi kitu hukaa juu. Modemu imezimwa, haina umeme, lakini pini yake ya kupokea bado imeungwa na TX yangu, na umeme unaingia humo kupitia kiloomu 10, unapenya kwenye diodi za ulinzi za modemu na kutafuta njia ya chini. Nilikuwa nimefunga mlango wa mbele kwa diodi ya BAT85 na kuacha dirisha la nyuma wazi. Programu sasa inaishusha TX kabla ya kuzima swichingi, na kuipandisha baada ya swichingi kuwaka. Chochote kinachounga sehemu yenye umeme na sehemu isiyo na umeme kichunguze hivyo: TX, pini ya kuweka upya, hata taa.

Kwa jumla kifaa kikilala kinakula mikroampea 108, yaani mAh 2.6 kwa siku. Ongeza 8 za modemu, ni kama 11. Mahali palipokuwa na siku 3 bila jua, hesabu sasa inatoa karibu miezi 2. Sijawahi kuona ukungu wa miezi 2 Usambara.

Mpango huu ni wa kitu kinacholala muda mrefu na kuamka muda mfupi. Kama mzigo wako hauzimi, kama taa au redio inayopiga mchana kutwa, lineari ya sambamba haikusaidii lolote. Na kama shida yako ni kelele za swichingi kwenye spika, lineari inatakiwa ikae baada ya swichingi kwa mfululizo, ambayo ni saketi tofauti na hii.

Kabla ya kulipandisha sanduku kilimani nililianika juani siku nzima, nikapima kila saa. Asubuhi 108, saa 8 mchana 131, usiku 106. Namba hizo nimeziandika kwa kalamu ya wino mzito upande wa ndani wa mfuniko, pamoja na 4.1, 3.8 na 3.3 kwenye sehemu zake, ili fundi mwingine akilifungua siku ambayo mimi sipo ajue afya yake ilikuwaje. Chini yake nimeongeza mstari mmoja: ukikuta zaidi ya 300, anza na TX.